Chembe Ndogo na Wakazi wa Tumbo

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wahenga waliosema maneno haya hawakuwa na darubini, walakini walijua kwamba ukubwa wa dhara haupimwi kwa ukubwa wa kitu. Mwiba ni mdogo na mguu ni mkubwa. Lakini mguu ndio uumao usiku kucha, wala si mwiba. Siku hizi elimu imefika mahali ambapo mwiba wenyewe huonekana kama mlima. Wataalamu hupima vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona, kidole hakiwezi kuvigusa wala ulimi kuvionja, kisha huuliza: kitu kidogo namna hii kikiingia tumboni mwa mtu hufanya nini? Swali hili ni la maabara, lakini si la maabara peke yake. Kijana mmoja wa Mpanda alilichukua kwenda nalo nyumbani wakati wa likizo, akidhani kuwa amebeba jibu. Aliporudi alikuwa amebeba swali. Lakini lilikuwa swali bora kuliko jibu alilokwenda nalo.

Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa sayansi katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam. Alisafiri kwa reli ya kati mpaka Tabora, na kutoka hapo akashika njia ya tawi ipitayo Kaliua na kuishia Mpanda. Njia hiyo, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 200 kutoka Kaliua, ilifunguliwa mwaka 1950. Haikujengwa kwanza kwa ajili ya abiria na magunia ya mahindi, bali kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ule ulifungwa. Wachimbaji walitawanyika, lakini reli ilibaki na mji ulibaki. Na mwaka 2012 Mpanda ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi, uliomegwa kutoka mkoa wa Rukwa.

Kwa hiyo Mpanda ni mji uliolelewa na madini. Watu wake wengi ni wakulima, na sifa ya mchele wao yajulikana mbali. Lakini mtoto wa huko hukua akijua kwamba udongo si kitu kimoja. Kuna udongo wa kulima, kuna udongo wa kufyatulia matofali, na kuna udongo wenye dhahabu, ambao watu huuponda, huuosha na kuugombania. Yule kijana alizijua aina hizo zote tangu utotoni. Jambo alilolisahau ni kwamba upo pia udongo wa kula.

Alikumbushwa siku ya pili baada ya kufika. Dada yake mkubwa, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Kila baada ya muda mkono wake ulishuka kwenye pindo la kanga, ukafungua fundo, ukatoa kipande cha udongo wa rangi ya kahawia, na kukipeleka kinywani. Kijana alitazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili, na mara ya tatu hakuweza kujizuia.

"Dada, wala udongo?"

"Nala, mdogo wangu. Usinitazame kama mtu aliyeona nyoka. Mama alikula udongo alipokuwa na mimba yako, nawe umefika chuo kikuu."

Watoto waliokuwa karibu walicheka. Kijana hakucheka. Muhula uliopita alikuwa amesoma mengi juu ya chembe ndogo mno na jinsi zinavyowaathiri bakteria waliomo matumboni, na kichwa chake kilikuwa kimejaa kama ghala wakati wa mavuno. Alisimama akasema kwa sauti ya mhadhiri kwamba udongo ule una chembe zisizoonekana. Kwamba chembe hizo zaweza kuvuruga vijidudu wema wanaomlinda mtu. Na kwamba mtu mwenye mimba hali kwa nafsi yake peke yake. Alisema kwa muda mrefu, na alisema vizuri. Dada yake aliendelea kuchambua mchele. Alipomaliza, alimwuliza neno moja tu.

"Umeupima?"

Kijana alinyamaza. Hakuwa ameupima. Hakujua hata ulikochimbwa. Alikuwa ametoa hukumu juu ya mshitakiwa ambaye hakupata kumwuliza jina.

Hapa yafaa kueleza alichokijua yule kijana, ili msomaji aone kilikuwa kikubwa kiasi gani na kilipungukiwa wapi. Neno nano asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni mbilikimo. Milimita moja ikigawanywa sehemu 1,000,000, kila sehemu ni nanomita moja. Chembe za nano ni zile ambazo upana wake ni kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Bakteria wa kawaida wa utumboni ana urefu wa nanomita kama 2,000. Basi bakteria huyo akikutana na chembe ya fedha yenye upana wa nanomita 10, huwa mithili ya kiboko wa mto Katuma akikutana na nyuki. Kiboko ni mkubwa mara nyingi, lakini haifuati kwamba nyuki hana la kumfanya.

Nguvu ya chembe hizi haitoki katika uzito wake, bali katika uso wake. Chukua kipande cha kitu chenye pande sita zilizo sawa, kila upande sentimita moja. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, eneo ambalo dole gumba laweza kulifunika. Kipande hichohicho kikikatwakatwa mpaka kila kijipande kiwe na upana wa nanomita moja, uzito hautaongezeka hata chembe, lakini nyuso za vijipande vyote zikijumlishwa zitakuwa mita 6,000 za mraba, karibu sawa na kiwanja cha mpira. Katika nyuso ndimo vitu vinamogusana, vinamonatana na vinamobadilishana. Kwa sababu hiyo dutu ambayo ikiwa bonge ni pole, ikiwa vumbi la nano yaweza kuwa na tabia nyingine kabisa.

Nalo tumbo si mfuko mtupu. Mwaka 2016 wataalamu Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walikadiria kwamba mwanamume wa wastani mwenye uzito wa kilo 70 ana bakteria kama trilioni 38, hali chembehai za mwili wake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wakazi hao wote kwa pamoja hawazidi sana gramu 200, na wengi wao wamo katika utumbo mpana. Kazi yao ni kubwa kuliko uzito wao. Huvunja makapi ya chakula ambayo mwili hauwezi kuyavunja, wakayageuza kuwa asidi zinazolisha kuta za utumbo. Hutengeneza baadhi ya vitamini. Huwafundisha askari wa mwili kutofautisha rafiki na adui. Na kwa kuijaza nyumba huwanyima nafasi wageni waovu. Mtu aweza kusema kwamba kila tumbo ni mji, na afya ya mwenye tumbo hutegemea amani ya mji huo.

Tena miji hiyo haifanani. Katika Tanzania hiihii, mwaka 2014, Stephanie Schnorr na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya Wahadza wa upande wa ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Waliwalinganisha na watu wa mji wa Bologna nchini Italia, wakakuta kwamba Wahadza wana bakteria wa aina nyingi zaidi. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba bakteria wa Wahadza hubadilika kwa majira: aina fulani hutoweka karibu zote masika, kisha hurudi kiangazi chakula kinapogeuka. Jambo hili lina fundisho. Kinachoingia kinywani huutawala mji wa tumbo, na mji huo waweza kuyumba na kusimama tena, iwapo haukuvunjwa mno.

Je, chembe za nano huuvunja? Chembe za fedha zilishukiwa mapema, kwa kuwa fedha huua bakteria na ndiyo sababu hutumiwa katika bandeji na vyombo. Chembe hizo hutoa ayoni za fedha ambazo huutoboa utando wa bakteria na kuzuia kazi zake za ndani. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba waliwanywesha panya chembe hizo kwa wiki 13, wakaona bakteria wa jamii ya Lactobacillus wamepungua katika utando wa utumbo, na kwamba matokeo yalifuata ukubwa wa chembe na wingi wa kipimo. Mwaka 2016 wengine waliwapa panya chembe za fedha kwa siku 28, nao hawakuona badiliko la maana. Mtu asiyezoea elimu aweza kukasirika na kusema kwamba wataalamu hawajui wasemalo. Lakini ukweli ni kwamba chembe zilitofautiana, vipimo vilitofautiana, muda ulitofautiana, na wanyama walitofautiana. Aidha, chembe ikiingia tumboni haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Asidi huimung'unya, chakula huifunika, na protini huivika joho. Kiasi kwamba kinachofika kwa bakteria si kilekile kilichomezwa.

Haya yote kijana aliyajua. Kosa lake lilikuwa moja: alichukua neno lililosemwa juu ya fedha akalihukumia udongo.

Jioni ile babu yao mzaa mama alikuja kuwajulia hali. Alikuwa Mtongwe, aliyekulia upande wa magharibi, kuelekea ziwa Tanganyika, kabla ya kuhamia Mpanda. Kijana alimwamkia, na baada ya "shikamoo" na "marahaba mjukuu wangu" alimshitakia dada yake, kwa tumaini la kupata hakimu wa upande wake.

Mzee alicheka. "Sokwe wa Mahale hula kichuguu," akasema. "Humega kidogo kwa vidole, akala, akaenda zake. Hali kikapu kizima. Mjukuu wangu, wewe hula kiasi gani?"

Dada alijibu kwamba hula kidogo. Mzee alimtazama lile fundo la kanga, ambalo halikuwa dogo, akatikisa kichwa.

Habari ile ya mzee si hadithi ya kutuliza watoto. Milima ya Mahale iko kando ya ziwa Tanganyika, kaskazini ya mpaka wa mkoa wa Katavi, na sokwe wake wamechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1987 Michael Huffman pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyekuwa bingwa wa miti shamba, walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa, akitafuna kiini cha mjonso, mti mchungu ambao Watongwe nao huutumia kutibu tumbo. Siku ya pili yake alikuwa na nafuu. Mwaka 1996 William Mahaney, Huffman na wenzao walitangaza matokeo ya kupima udongo wa vichuguu unaoliwa na sokwe wa hukohuko. Walikuta udongo laini wa mfinyanzi, unaofanana na ule uliokuwa ukitiwa katika dawa za kuharisha zinazouzwa madukani.

Udongo wa namna hiyo una chembe ndogo sana, na baadhi yake huingia katika kipimo cha nano. Upo udongo uitwao haloisiti ambao chembe zake mara nyingi huwa kama vibomba vilivyokunjwa, vyenye upana wa makumi ya nanomita. Nyuso hizo nyingi hunasa vitu. Hunasa sumu, hunasa maji, na huweza kuufunika ukuta wa utumbo kama lipu. Nchini Ghana majaribio yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba watu waliopewa udongo maalumu uliosafishwa, ndani ya kapsuli, walipungukiwa na dalili za sumukuvu itokayo katika mahindi na karanga zilizoota ukungu. Kumbe chembe ndogo si adui kwa sababu ni ndogo. Huenda ikawa mlinzi.

Lakini mkono unaonasa mwizi waweza kunasa na mgeni mwema. Udongo hauchagui. Unaweza kushika madini ya chuma na zinki yaliyomo katika chakula, yakapita tumboni bila kuufaa mwili. Huko kisiwani Pemba, Sera Young na wenzake waliwauliza wanawake wajawazito zaidi ya 2,300 habari za vitu wanavyotafuna visivyo chakula cha kawaida. Matokeo yakatangazwa mwaka 2010. Wanne katika kila kumi walikuwa na mazoea hayo, wengi wao wakitafuna mchele mbichi, na wachache wakila udongo. Waliokuwa na mazoea hayo walionekana zaidi kuwa na upungufu wa damu. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kusema kwa yakini kama udongo ndio ulioleta upungufu wa damu, ama upungufu wa damu ndio ulioleta hamu ya udongo. Lakini kwa mjamzito mwenye damu haba njia zote mbili hufikisha penye hatari.

Tena upo uchunguzi mwingine uliomgusa yule kijana kuliko hiyo yote, kwa maana ulifanywa mahali panapofanana na kwao. Mwaka 2014 Elias Nyanza na wenzake walieleza habari za wilaya ya Geita, penye machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Katika wajawazito 340 walioulizwa, 155 walikuwa wakila udongo. Wengi wao, 107, waliununua dukani, ule uitwao pemba. Waliosalia waliuchukua karibu na makwao. Udongo wenyewe ulipopimwa, ulikutwa na aseniki, kromi, nikeli na metali nyingine. Kijana aliposoma habari hizo usiku ule katika simu yake, alikumbuka neno la dada yake: umeupima? Akajua kwamba palikuwa na neno jingine lililopaswa kulitangulia, naye hakulisema.

Asubuhi, kabla hajalisema, alipata aibu ya pili. Alikuwa amewaletea watoto wa dada yake mfuko wa peremende kutoka mjini, nyeupe na nyororo kama lulu. Mpwa wake mkubwa, aliyekuwa darasa la tano na mwenye kiburi cha kusoma kila kilichoandikwa, aligeuza mfuko akasoma mpaka maandishi madogo ya nyuma. Kisha akauliza:

"Mjomba, E171 ni nini?"

Mjomba aliijua vizuri sana. Ni jina la dioksidi ya titani, unga mweupe utumiwao kung'arisha peremende, keki na vidonge. Na sehemu ya unga huo ni chembe za nano. Mwaka 2017 wataalamu wa Ufaransa walieleza madhara waliyoyaona katika utumbo wa panya waliopewa unga huo. Mwaka 2019 wengine wa Sydney, Australia, walisema kwamba panya walioupata katika maji ya kunywa hawakubadilika sana kwa aina za bakteria, lakini kazi za bakteria hao zilibadilika, na utando wa ute unaoulinda utumbo ukadhoofika. Ufaransa iliuzuia katika vyakula tangu mwanzo wa mwaka 2020. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema kwamba haiwezi tena kuuhesabu kuwa salama, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaupiga marufuku katika vyakula. Uingereza na Kanada zilitazama ushahidi huohuo zisiuzuie.

Dada alikuwa akisikiliza toka jikoni. "Kwa hiyo," akasema polepole, "wangu umetoka ardhini, na wako umetoka kiwandani. Wangu ni ushamba, na wako ni zawadi."

Hapakuwa na jibu. Mtu wa mjini humcheka mla udongo, kisha humpa mtoto wake vumbi la metali lililopakwa sukari. Wote wawili wamemeza kitu wasichokipima. Tofauti yao ni karatasi ya kufungia. Kijana aliutwaa ule mfuko akauweka juu ya kabati, na watoto wakamnunia siku mbili.

Ndipo alipoketi karibu na dada yake akauliza swali ambalo angaliliuliza tangu mwanzo. Hakulisema kwa sauti ya mhadhiri.

"Dada, udongo huu wachimbwa wapi?"

Dada alimweleza. Zamani aliununua sokoni, udongo wa kichuguu uliokaushwa. Tangu bei ilipopanda, aliuchukua mwenyewe kwenye ukingo wa kijito, njia ya kwenda shambani. Ulikuwa laini zaidi, na harufu yake ilikuwa nzuri kama ya mvua ya kwanza. Kijana aliomba apelekwe. Shemeji yake, ambaye alipata kuchimba dhahabu kwa miaka mitatu kabla ya kurudi katika kilimo, alifuatana nao. Walipofika, shemeji alisimama ghafula.

Juu kidogo ya mahali pale palikuwa na vishimo vya zamani vya kuoshea mchanga wa dhahabu. Shemeji alivifahamu, maana aina ile ya kazi alikuwa ameifanya kwa mikono yake. Mchanga uliopondwa hutiwa zebaki. Zebaki huishika dhahabu. Kisha donge lao huchomwa, zebaki ikaenda na moshi, dhahabu ikabaki. Moshi hauendi mbali milele. Sehemu yake huanguka karibu, juu ya majani, maji na udongo, na sehemu ya zebaki humwagika ardhini papo hapo penye kuoshea. Udongo laini, ambao nyuso zake ni nyingi, huishika metali hiyo kama ushikavyo kila kitu. Zebaki huudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Tena imeonekana kwamba bakteria wanaozoea kuishi na zebaki mara nyingine hubeba pamoja na kinga hiyo kinga dhidi ya dawa za kuua vijidudu. Hivyo sumu moja yaweza kumwandalia mgonjwa taabu nyingine.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha shemeji alisema kwa sauti ya chini, "Mke wangu, mbona hukuniambia kuwa wachukua hapa?"

"Hukuniuliza," dada akajibu. "Hakuna aliyeniuliza. Wote mliniambia niache. Hakuna aliyeuliza ninautoa wapi, wala kwa nini nautamani."

Maneno hayo yalikuwa machache, lakini yalikuwa ndiyo elimu yote ya safari ile. Mtu akiambiwa "acha" pasipo kuulizwa, hujificha; na akijificha, hula pale ambapo hakuna wa kumwonyesha hatari. Laiti kijana angalishinda katika mabishano ya siku ya kwanza, dada yake angalilifunga fundo la kanga mbele yake na kulifungua nyuma yake, na ukingo wa kijito ungaliendelea kumegwa.

Kesho yake walikwenda kliniki, dada, mumewe na mdogo wake. Muuguzi alipima damu, akaikuta haba, akatoa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Dada alieleza habari za udongo bila kuficha, pamoja na mahali alipokuwa akiutoa. Muuguzi hakumcheka wala hakumkaripia. Alisema kwamba hamu ya udongo huonekana mara nyingi pamoja na upungufu wa damu. Kwamba aache kabisa udongo wa kijito. Kwamba vidonge na udongo visikutane tumboni. Na kwamba afadhali zaidi asile udongo wowote mpaka atakapojifungua. Aliandika habari ya zebaki katika kadi, akapanga siku ya kumwona tena mapema kuliko kawaida.

"Nitaacha wa kijito leo," dada alisema walipokuwa njiani. "Huo mwingine nitaupunguza, na Mungu akinisaidia nitauacha. Nisiwadanganye."

Babu alipoambiwa habari hiyo alisema kwamba sokwe naye huchagua kichuguu. Hali kila udongo aukutao.

Likizo ilipokwisha, kijana alirudi stesheni. Katika mfuko wake alikuwa na pakiti mbili za karatasi, zimefungwa vizuri na kuandikwa. Moja ilikuwa na udongo wa kichuguu ununuliwao sokoni, na ya pili ilikuwa na udongo wa ukingo wa kijito. Alikuwa na miadi na mwalimu wake wa maabara, naye alijua tayari maswali matatu atakayoyauliza juu ya kila pakiti: ni kitu gani kilichomo, ni kiasi gani, na chaingia katika tumbo la nani. Pakiti ya tatu ilikuwa mfuko wa peremende. Mpwa wake ndiye aliyeutoa juu ya kabati na kumpa, akamwambia kwamba na huo pia upimwe.

Garimoshi liliondoka Mpanda kuelekea Kaliua kwa njia ileile iliyojengwa kusafirisha risasi. Dada alisimama jukwaani, mkono mmoja ukipunga na mwingine ukiwa juu ya tumbo, juu ya miji miwili isiyoonekana: ule wa vijidudu, na ule wa mtoto ambaye bado hajapewa jina. Pindo la kanga yake halikuwa na fundo.